Kuuchora Mwili ili Hofu Ieleweke: Somo la Utulivu katika Ufuko wa Kaole

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza huwa amejiandaa kwa mambo mengi. Ana andalio la somo, ana chaki, ana zana alizozitengeneza usiku kucha kwa maboksi na wino. Jambo moja aghalabu huwa hakuliandalia kitu, nalo ni hofu: hofu ya mtoto aliyeitwa ubaoni, na hofu yake yeye mwenyewe aliyemwita. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi, kuanzia darasa la nne hivi, ni nini hutokea mwilini mtu anapoingiwa na hofu au msongo wa mawazo, na kwa nini kukaa kimya na kupumua polepole kwa dakika chache huweza kumrejesha katika hali yake. Njia tunayoipendekeza ni ya kuuchora mwili mzima, kwa ukubwa wake halisi, chini mchangani. Tumeijaribu pamoja na wanachuo wetu katika ufuko wa Kaole, na mengi tutakayoyasema yametokana na majaribio hayo.

Yafaa tuanze na lugha, kwa maana mtoto huja shuleni akiwa nayo tayari. Mtu wa pwani aliyeshtuka husema roho imempaa. Aliyehuzunishwa mno husema amekatwa maini. Mwenye wasiwasi usiomtoka ana jakamoyo. Aliyekasirika damu inamchemka, aliyetahayari mate yamemkauka, na aliyeokoka katika jambo zito hushusha pumzi. Tazameni kwamba semi hizi zote hutaja viungo na maji ya mwili. Waliotuachia maneno haya hawakuwa na maabara, lakini waliisikiliza miili yao wakasema walichokisikia, na katika mengi hawakukosea. Mwalimu anayeanza somo kwa kuwaomba watoto wataje semi za namna hii atajaza ubao katika muda wa dakika tano, nao watoto watakuwa wamekwisha kusema kwa vinywa vyao kwamba hofu ina makao mwilini.

Hata jina la mji wetu lina habari hiyo. Masimulizi hulifasiri jina la Bagamoyo kuwa ni bwaga moyo, na watu hulieleza kwa njia mbili. Wako wasemao ni kilio cha watumwa waliokuwa wakiiacha nchi yao, mioyo yao ikibaki nyuma. Wengine husema ni faraja ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kadhaa kutoka bara wakiwa na mizigo ya pembe za ndovu yenye uzito wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, na ambao walipoiona bahari waliutua mzigo na moyo pamoja. Hatutaamua hapa ugomvi wa wanahistoria. Kwa somo letu inatosha kwamba tafsiri zote mbili zimeuweka moyo mahali pa mzigo, kitu kinachoweza kubebwa na kutuliwa, na watoto wa Bagamoyo hulifahamu jambo hilo upesi kuliko tulivyotazamia.

Kabla ya kuwaelekeza wengine hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika mwaka wetu wa kwanza wa kazi, katika shule ambayo hakuna haja ya kuitaja, tulikuwa tukifundisha kuzidisha katika darasa la nne. Tulimwita ubaoni mtoto mmoja wa kike afanye 7 mara 8. Mkononi tulikuwa na fimbo. Hatukukusudia kumpiga, tulikuwa tukiitumia kuonyeshea ubao, au ndivyo tulivyojiambia. Mtoto alisimama, chaki mkononi, asiseme wala asiandike. Tulimwuliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Kisha tukaona maji yanamtiririka miguuni, na darasa zima likaangua kicheko. Tulimrudisha mahali pake, na katika daftari letu, mbele ya jina lake, tukaandika: “Kuzidisha hajui.”

Jumamosi iliyofuata tulikwenda sokoni. Mtoto yule yule alikuwa amekaa na mama yake nyuma ya meza ya dagaa. Alituamkia kwa adabu, “Shikamoo, Mwalimu,” akainamisha uso. Mteja aliyetutangulia alichukua mafungu saba, kila fungu shilingi mia nane, akatoa noti ya elfu kumi. Kabla hajamaliza kuikunjua noti ile, mtoto alikwisha kumwambia mama yake: “Elfu tano na mia sita, mrudishie elfu nne na mia nne.” Tulisimama pale na kikapu chetu tusiwe na la kusema. Saba mara nane aliijua, na aliijua na sifuri zake.

Kilichomfunga ulimi mbele ya ubao kinaelezeka, tena kinaelezeka kwa picha.

Mnamo mwisho wa karne ya 19 mwanafunzi mmoja wa utabibu wa Marekani, Walter Cannon, alikuwa akitazama kwa eksirei namna tumbo la paka linavyosaga chakula. Aligundua kwamba kila paka alipofadhaika, tumbo lilisimama. Paka alipotulia, likaanza tena kazi. Uchunguzi uliofuata ulimfikisha kwenye wazo kwamba mwili wa mnyama aliye hatarini hujipanga wote kwa ajili ya kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Montreal nchini Canada, alitoa taarifa fupi juu ya panya waliokabiliwa na mateso ya namna mbalimbali, kama baridi, majeraha na uchovu. Namna za mateso zilitofautiana, lakini miili ya panya wale ilionyesha mabadiliko yale yale. Kutokana na kazi ya watu kama hawa tunayo leo maelezo ya hatua kwa hatua ya jambo ambalo wazee waliliita kupaa roho.

Hatua zenyewe ni hizi. Ndani ya ubongo kuna kipande kidogo, ukubwa wake kama lozi, kiitwacho amigdala, ambacho kazi yake mojawapo ni kutambua hatari. Kikitambua hatari hupeleka habari katika sehemu iliyo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Kutoka hapo amri hushuka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva, nayo ni ya haraka mno: hupita katika uti wa mgongo hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, ziitwazo tezi za adrenali, nazo humwaga adrenalini katika damu. Katika muda wa sekunde chache moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, ini hutoa sukari iliyoiweka akiba, mboni za macho hupanuka, na damu hupunguzwa tumboni ikapelekwa katika misuli mikubwa ya miguu na mikono. Mate hukauka kwa kuwa si wakati wa kula. Njia ya pili ni ya polepole: haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, iliyo na ukubwa wa punje ya mbaazi, nayo hupeleka ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye zile zile tezi za adrenali, zitoe homoni nyingine iitwayo kortisoli. Hii huchukua dakika kadhaa kufika kileleni, na hukawia kuondoka.

Sasa ndugu mwanachuo afikiri. Mwili huu umejiandaa kumkimbia simba, lakini mtoto hana ruhusa ya kukimbia wala ya kupigana; ameamriwa asimame mbele ya wenzake akumbuke 7 mara 8. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga hoja na kushika hesabu mkononi, kama tuwezavyo kusema, hufanya kazi vibaya wakati wa hofu kali. Kortisoli nayo, ikiwa nyingi, huzuia kuyapata yale yaliyokwisha kuhifadhiwa katika kumbukumbu. Tuliandika “hajui” palipostahili kuandikwa “hakuweza kufikia anachokijua.” Na jambo la mtoto kujilowesha, ambalo darasa lilicheka na ambalo sisi tulilichukulia kuwa utovu wa malezi, lilitokea nje kabisa ya hiari yake.

Mtu asidhani kuwa hofu ya namna hii ni ya mtoto mmoja mmoja. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuutenda. Mwalimu mpya anapoingia darasani na fimbo, hata akiwa ameichukua kwa kuonyeshea ubao tu, haoni anachokiona mtoto.

Tuje kwenye somo lenyewe. Kijiji cha Kaole kiko kilomita 5 hivi kusini ya mji wa Bagamoyo. Wageni hukifahamu kwa magofu yake ya misikiti miwili na makaburi ya kale, ambayo baadhi yake yana nguzo. Msikiti wa zamani zaidi huhesabiwa na wataalamu kuwa wa karne ya 13. Upo pia mbuyu mkubwa ambao wenyeji husimulia kuwa auzungukaye huongezewa umri. Hatusemi lolote juu ya umri, ila tumeona kwamba mtu auzungukaye polepole hurudi ametulia. Somo hatulifanyi hapo kwenye magofu. Hapo ni mahali pa makaburi na pa kumbukumbu ya taifa, si pa kuchimbua mchanga. Tunashuka ufukoni, upande usio na mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Mwanachuo anayetaka kufanya hivyo aulize kwanza wavuvi saa za maji. Sisi siku moja tulikuja kwa kufuata ratiba ya shule, tukakuta bahari imekwisha kukalia darasa letu.

Darasa hugawanywa katika vikundi vya watoto sita au saba. Mmoja hulala chali juu ya mchanga wenye unyevu, mikono ameinyosha kidogo kando, na mwenzake humchora kwa kijiti kuanzia utosini, akazunguka mwili wote. Yule aliyelala huinuka kwa uangalifu, na pale chini hubaki mtu mzima asiye na kitu ndani. Watoto hukaa kimya wakitazama. Mchoro wa ubaoni hauna nguvu hii, kwa kuwa mwili wa ubaoni ni wa mtu yeyote, ilhali huu wa mchangani ni wa fulani, na urefu wake ni wa fulani.

Kisha viungo huwekwa mahali pake. Kifuu cha nazi huwa ubongo. Kamba ya usumba kutoka kifuuni hadi kiunoni huwa uti wa mgongo. Jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtoto huwa moyo, na hapo mwalimu awaambie wakunje ngumi, kwa maana moyo wa mtu hukaribia ukubwa wa ngumi yake. Majani mawili mapana ya mkungu huwa mapafu. Kipande cha kumbi la nazi huwa ini, upande wa kulia, na kibuyu kidogo au mfuko huwa tumbo. Korosho mbili zilizo katika maganda yake huwa figo. Umbo lao linafanana na figo kiasi ambacho mtoto hasahau tena. Mwalimu azihesabu korosho kabla na baada ya somo. Juu ya kila korosho huwekwa punje moja ya mhindi: hizo ndizo tezi za adrenali. Wanafunzi hustaajabu kuona kitu kidogo namna ile kikiwa chanzo cha mambo makubwa namna ile, na mshangao huo mwalimu autumie. Asiukimbilie kuuzima kwa maelezo.

Kati ya mapafu na tumbo tunatandika kipande cha kanga kuukuu, kimevutwa kukazwa kwa vijiti viwili. Hiki ni kiwambo. Watoto wa Bagamoyo, ambako ngoma hufundishwa chuoni, hulijua neno kuwamba: ngozi huwambwa juu ya mzinga wa ngoma. Basi na kifua kimewambwa vivyo hivyo kwa chini. Kiwambo kikishuka, mapafu hupata nafasi na hewa huingia; kikipanda, hewa hutoka. Tutarudi kwake.

Mchoro ukikamilika, mwalimu husimulia kisa. Tunatumia kisa cha punda milia, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani haiko mbali kaskazini yetu, na simba wamo, na punda milia wamo. Punda milia anakula majani. Simba anatokea. Hapo mtoto mmoja, ambaye kazi yake ni amigdala, hugonga kifuu. Mwingine huvuta kamba. Wa tatu huondoa punje za mahindi juu ya korosho na kuzitembeza katika mwili: kwenye moyo, na kikundi chote hupiga makofi ya haraka, kwenye ini, na mchanga mkavu humwagwa kuwa sukari, kwenye tumbo, na kibuyu hupinduliwa kuonyesha kuwa kimefunga kazi. Punda milia anakimbia, anaokoka. Simba amekwenda zake. Baada ya muda punje hurudi mahali pake, makofi hupungua, kibuyu huinuliwa, na punda milia anainamisha kichwa anakula tena.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito. Robert Sapolsky, mtaalamu wa Marekani aliyeanza mwaka 1978 kuwachunguza nyani wa Masai Mara nchini Kenya, aliandika kitabu mwaka 1994 ambamo alieleza tofauti hii: hofu ya punda milia huisha pamoja na simba, lakini binadamu huweza kumkimbia simba asiyekuwapo, akiwa amelala kitandani pake. Nyani wake nao walimfunza jambo. Wale wa daraja la chini, waliozoea kusumbuliwa na wakubwa wao pasipo kujua lini watasumbuliwa, walikutwa na kiasi kikubwa zaidi cha homoni za msongo hata siku ambazo hakuna aliyewagusa. Sisi tuliposoma habari hizi tulifikiria madarasa kadhaa tuliyoyatembelea.

Baada ya kisa, waulizeni watoto: simba wako ni nani? Waandike au wachore katika daftari, wasisome kwa sauti ila atakaye. Tumepata majibu kama mtihani, giza la njia ya kisimani, baba anaporudi usiku, na mwalimu wa hesabu. Jibu lolote linaloonyesha kuwa mtoto anaumizwa nyumbani au shuleni halimalizwi kwa somo hili. Mwanachuo alipeleke kwa mwalimu wa malezi au mwalimu mkuu siku ile ile, kwa siri, bila kumwuliza mtoto maswali mbele ya wenzake.

Ndipo tunapokuja kwenye utulivu. Moyo una mwendo wake unaojiendesha. Hakuna mtoto awezaye kuuamrisha upige polepole. Lakini pumzi ina tabia ya ajabu: hujiendesha yenyewe tukiwa tumelala, na hutii amri tukiwa macho. Basi pumzi ni mlango ambao kwao twaweza kuingia na kumfikia moyo. Neva kubwa iitwayo vagasi hushuka kutoka ubongoni, hupita shingoni na kifuani hadi tumboni, nayo ndiyo ipelekayo amri ya kupumzika. Mtu anapovuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka mwendo kidogo. Anapoishusha, neva hiyo huukaza mkono wake na mapigo hupungua. Kwa hiyo mwenye kushusha pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta huupunguza mwendo wa moyo wake. Lugha yetu haikusema mtu aliyeokoka amevuta pumzi. Ilisema ameshusha pumzi.

Jambo hili watoto walipime wenyewe, wasiamrishwe kuliamini. Tunawafundisha kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kwa vidole viwili vya kati. Mwalimu aliye na saa huhesabu sekunde 30, nao huzidisha kwa mbili; hesabu ya kuzidisha huja yenyewe bila fimbo. Mtoto wa umri huu aliyekaa kitako huwa na mapigo kati ya 70 na 110 kwa dakika hivi. Waandike. Kisha wakimbie hadi kwenye mtumbwi uliopandishwa ufukoni na kurudi, wapime tena. Kisha wakae, kila mmoja mkono mmoja tumboni, wavute pumzi kwa hesabu ya 3 na kuishusha kwa hesabu ya 5, macho yakitazama baharini, kwa muda wa dakika tatu. Katika kuvuta, mkono wa tumboni uinuke: ndicho kiwambo kinachoshuka. Katika kushusha, waufikirie ule mwili wa mchangani, na punje zikirudi moja moja juu ya korosho. Wapime mara ya tatu. Mwalimu mwangalifu atawauliza: je, mapigo yamepungua kwa sababu ya pumzi, au kwa sababu mmekaa tu? Vikundi viwili, kimoja kikae kawaida na kingine kipumue kwa hesabu, vitaanza kutoa jibu, na hapo somo la hofu limekuwa somo la sayansi.

Kuna mambo ya kuangalia. Mtoto mwenye pumu asishindanishwe kushika pumzi. Asiyetaka kufumba macho asilazimishwe, kwa maana wapo ambao giza la macho yao ndilo lenye simba. Mwenye homa ana mapigo ya haraka kwa sababu ya homa, naye aende zahanati. Aliyekuja bila kula ana msongo ambao hautibiwi kwa pumzi bali kwa uji, na tungeona aibu kumfundisha mtoto mwenye njaa namna ya kuitulia njaa yake. Wazazi nao waelezwe mapema. Bagamoyo ni mji wa waumini, wenye misikiti ya tangu kale na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mzazi akisikia watoto wamekalishwa ufukoni kimya kwa tafakuri ana haki ya kuuliza ni ibada ya nani. Jibu ni kwamba si ibada. Ni elimu ya kiwambo na moyo, na mchoro upo, aje autazame. Bibi mmoja aliyekuja kutazama alituambia kuwa yeye hupumua hivyo kila siku anaposuka ukili, na hakujua kuwa ni jambo la kusomewa.

Tusizidishe pia sifa za jambo hili. Herbert Benson wa Marekani alieleza mwaka 1975 namna ambavyo kukaa kimya na kurudia neno au pumzi huleta hali iliyo kinyume cha hofu: mwendo wa moyo na wa pumzi hupungua, misuli hulegea. Watu wengi tangu hapo wamenufaika. Lakini huko Uingereza jaribio kubwa lililohusisha shule zaidi ya 80 na wanafunzi zaidi ya 8,000, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, lilionyesha kuwa masomo ya utulivu wa namna hii hayakuwapa vijana wale afya bora ya akili kuliko masomo ya kawaida. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Sisi tunalichukua tokeo hilo kwa uzito. Twaona, kwa maoni yetu, kwamba kumwamuru mtoto atulie bila kumwonyesha kinachomsumbua mwilini hakuna tofauti kubwa na kumwamuru anyamaze. Na kwamba dakika tatu za pumzi haziwezi kushindana na siku nzima ya vitisho. Katika jaribio hilo hilo walionufaika, angalau kwa muda, walikuwa walimu. Uchovu wao wa kazi ulipungua na hali ya shule ikawa njema zaidi.

Hilo halikutushangaza, kwa sababu ya jambo lililotokea Kaole. Mwanachuo mmoja alikuwa akilifundisha somo hili kwa watoto wa darasa la tano, nasi tumekaa nyuma yake juu ya gogo, tukiwa na fomu ya tathmini na kalamu. Alifundisha vizuri, ila aliharakisha maneno. Walipofika kwenye kupima mapigo, mtoto mmoja alimwambia, “Mwalimu, na wewe tukupime.” Akanyosha mkono. Mtoto akahesabu kwa makini, midomo ikimcheza, akazidisha kwa mbili, akatangaza: “Mia moja na kumi na sita.” Mwanachuo hakuwa amekimbia popote. Mtoto akautazama mwili wa mchangani, akamtazama mwalimu wake, kisha akageuka akatutazama sisi pale juu ya gogo, akauliza kwa adabu kama yule ndiye simba.

Wote walicheka, na mwanachuo pia. Tuliikunja fomu tukaitia mfukoni, tukaondoka juu ya gogo tukakaa katika kikundi kilichokuwa na nafasi, tukavuta kwa hesabu ya 3 na kushusha kwa hesabu ya 5 pamoja nao. Alipopimwa mara ya pili alikuwa na 92. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Watoto walikusanya korosho zao, tukazihesabu, moja haikuonekana. Tangu siku hiyo hatuitoi fomu ya tathmini kabla ya robo saa ya kwanza ya kipindi kwisha, na mwanachuo huambiwa hivyo tangu jana yake.